Tawi la Njia Panda ya Tatu

Bonifasia alikuwa hodari wa kununa. Wapo watu wanaonuna siku mbili tatu, wakapikiwa chakula kizuri, wakasahau hata walichokasirikia. Yeye alikuwa amemnunia wifi yake Scholastica miaka miwili na miezi miwili, bila kuchoka na bila likizo ya sikukuu. Wakikutana gulioni Mkumbi, alitazama nyanya. Wakikutana kanisani, alimtazama Mtakatifu Yosefu pale ukutani mpaka shingo ikamuuma. Jina la wifi yake lilikuwa halijatoka mdomoni mwake tangu mwezi wa tatu mwaka tisini na nne. Ikimlazimu kumtaja, alisema "yule mtu," na wote wakajua ni mtu gani.

Sababu alikuwa nayo, tusimwonee. Mama yake mzazi, Bibi Gertruda, alikuwa akiishi Mkumbi kwa mwanawe Joakim, kaka yake Bonifasia na mume wa huyo Scholastica. Bonifasia mwenyewe aliolewa Maguu. Asubuhi moja, Joakim akiwa safarini Songea, bibi alishindwa kupumua. Ndio kwanza wafanyabiashara binafsi walikuwa wameanza kuingia vijijini na malori yao, na lori moja lilikuwa barabarani, injini inanguruma, linashuka ziwani. Scholastica alizaliwa huko ufukweni, na hospitali ya huko aliijua. Alimpakia mama mkwe wake juu ya magunia, akapanda naye, wakaenda. Siku ya tano habari ilifika Maguu kwa Bonifasia, na ilikuwa habari ya msiba uliokwisha. Bibi amefariki, mvua imekata barabara, wamezika huko huko chini. Bonifasia alikwenda akaonyeshwa tuta la udongo na msalaba wa miti.

"Hakunitumia hata mtu," alisema siku ile, na ndilo aliloendelea kulisema. Scholastica alipopanda Maguu kuja kueleza, alikuta mlango umefungwa na moshi unatoka jikoni.

Basi sasa fikiria watu hawa wawili katika msafara mmoja.

Kila mwaka Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano, mwezi wa Bikira Maria, akina mama wa parokia walikuwa na desturi ya kuuzunguka mlima. Waliondoka alfajiri, wakapita mashamba ya kahawa, wakapita miteremko yenye mashimo ya ngolo walimolima mahindi na maharage, wakaingia msituni palipo na kijito. Kutoka hapo ni kupanda tu mpaka kwenye mgongo wa mlima, kwenye kibanda cha mawe ambacho mapadre wa zamani walijenga ili walale wanapovuka kwenda ziwani. Hapo walisali rozari, wakala, kisha wakateremka kwa upande wa pili, wa mianzi, na kurudi nyumbani jua likizama. Ulikuwa mzunguko wa siku nzima, na mwanamke aliyeumaliza alitembea wiki nzima kijijini kama askari aliyetoka vitani.

Kiongozi alikuwa Bibi Tadea, mwenye miaka sitini na mitano na magoti mabovu, lakini msitu aliujua kuliko jiko lake. Alitangulia na panga. Kila walipofika njia panda alikata tawi lenye majani mabichi, akalilaza mdomoni mwa ile njia isiyofuatwa. Kila mtu wa milimani anajua maana yake: huku kumefungwa, usipite. Anayetembea mwisho wa msafara kazi yake ni kuyaondoa matawi hayo, maana njia si mali ya msafara mmoja. Ukiacha tawi, kesho mrina asali au mpasua mbao atapotezwa nalo. Ila mtu wa mwisho haondoi tawi mpaka ahakikishe kweli nyuma yake hakuna mtu.

Zamani njia panda ilikuwa moja tu. Lakini tangu serikali ipunguze wafanyakazi, walinzi wa msitu walibaki majina kwenye mafaili, na biashara ya mbao ilipofunguliwa kwa kila mwenye msumeno, msitu ulichanwa njia kama shuka kuukuu. Mwaka huo wa tisini na sita njia panda zilikuwa tatu. Ya tatu ndiyo ilikuwa mbaya. Njia ya wapasua mbao ilikuwa pana, imesafishwa, inaita. Njia ya kwenda kibandani ilikuwa nyembamba, imejificha nyuma ya mti ulioanguka.

Walikuwa kumi na watatu. Bibi Tadea, ambaye hakuwa mjinga, alimweka Scholastica katikati na Bonifasia mwisho kabisa.

"Mama Antoni," alimwambia Bonifasia, "wewe una miguu na una sauti. Nikiuliza nyuma mpo, unijibu nisikie."

"Nitajibu, bibi."

Njia panda ya kwanza ilipita salama. Kwenye kijito, Luisa, mmoja wa akina mama wa Maguu, alishikwa na kifua. Alikohoa mpaka akakaa chini. Dada yake Siwema akasema atarudi naye, na Scholastica akajitolea kuwabebea mizigo mpaka watoke msituni, kisha awafuate wenzake.

"Nitawapata kabla ya njia panda ya pili," alisema. Alilisema kwa wote, na Bonifasia alilisikia, ingawa macho yake yalikuwa yanakagua kamba za raba zake.

Msafara ukaendelea. Kwenye njia panda ya pili Bibi Tadea alipiga kelele kutoka mbele: "Nyuma mpo?"

Bonifasia aligeuka. Chini, katikati ya miti, aliona kitenge cha njano kinapanda taratibu. Mwenye kitenge alikuwa peke yake. Angesubiri dakika tano tu angefikiwa. Lakini kusubiri kulimaanisha kutazamana. Halafu kulimaanisha kutembea wawili tu, mmoja anazisikia mgongoni pumzi za mwenzake, saa mbili za kupanda mlima bila neno, au, vibaya zaidi, kwa maneno.

"Tupo wote!" alijibu.

Tawi la njia panda ya pili aliliacha palepale. Hapo bado alikuwa binadamu.

Ukungu uliwakuta juu ya hapo. Haukuja kutoka upande wowote. Waliona tu miti ya mbali haipo, kisha ya karibu haipo, na ndevu za kijani zinazoning'inia kwenye matawi zikaanza kudondosha maji. Baridi ikaingia kwenye vidole. Wenzake walifunga vitenge vichwani wakaongeza mwendo, na Bonifasia alipofika njia panda ya tatu walikuwa wamekwisha potelea mbele. Alisikia tu sauti zao wakiimba ili wasiachane.

Tawi lilikuwa limelala kwenye ile njia pana, majani yake mabichi yanang'aa kwa maji. Alisimama mbele yake. Nyuma yake, ukunguni, mtu alikohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo cha mtu aliyechoka, si mbali, labda hatua hamsini. Bonifasia alikijua. Alikuwa amelala nyumba moja na kikohozi hicho siku za harusi ya Joakim, siku walizokuwa wanacheka mpaka Bibi Gertruda anagonga ukuta. Alishika tawi. Moyoni alijiambia mambo mengi kwa haraka. Kwamba kuondoa tawi ndiyo kazi aliyopewa. Kwamba yule mtu si mtoto, atasikia nyimbo. Kwamba na yeye aonje kidogo, ajue kuachwa bila kuambiwa kunafananaje. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa la kweli. Alilinyanyua tawi, akalitupa vichakani, akaifuata ile njia nyembamba nyuma ya mti ulioanguka bila kugeuka.

Walifika kibandani saa saba. Waliwasha moto, wakabandika birika. Bibi Tadea alikuwa amebeba viazi vitamu vya kuchemsha, viwiliviwili, kila fungu limefungwa kwenye jani la mgomba. Mawili alikwisha wapa akina Luisa kijitoni. Alianza kugawa yaliyobaki huku akitania kila mtu kwa zamu. Alipomaliza, mkononi mwake lilikuwa limebaki fungu moja.

"Hili la nani?"

Watu walitazamana. Restituta, binti mmoja aliyeolewa mwaka uliopita na ambaye bado alikuwa anaona kila kitu ni mchezo, alicheka: "Labda la malaika mlinzi, bibi."

"Scholastica yuko wapi?" Bibi Tadea aliuliza, na kicheko cha Restituta kikakatika.

Nje palikuwa peupe tupu. Walitoka wakaita. Sauti zao zilifika hatua chache na kufa. Walirudi ndani, na wote wakamtazama Bonifasia, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho.

"Nilidhani amerudi na akina Luisa," alisema. Uongo huo ulitoka laini, na wote waliuamini mara moja. Laiti wangembishia, pengine angepata cha kupigana nacho.

"Matawi uliondoa?"

"Niliondoa, bibi."

Bibi Tadea alikaa kwenye gogo. Alifikiri kwa sauti, kama wazee wanavyofanya wakiogopa. "Sasa hajui popote. Njia zote ziko wazi. Lazima tuteremke mpaka ya kwanza tuanze chini, tupande, tutafute moja moja. Ni kazi ya saa tatu. Saa kumi na mbili ni giza, na kwa baridi hii..." Mwaka mmoja nyuma mpasua mbao mmoja alikuwa amelala nje usiku kwenye mlima huo huo mwezi wa sita, kijana mwenye nguvu zake, na asubuhi walimkuta amejikunja na hakukunjuka tena.

Saa tatu. Bonifasia alizisikia saa hizo kichwani. Kulikuwa na njia ya kuziokoa, na njia yenyewe ilikuwa mdomoni mwake.

"Tusianzie chini," alisema. "Ya kwanza alipita na sisi wote. Na ya pili tawi lipo. Sikuliondoa."

"Uliliacha?"

"Niliacha."

"Na la tatu ukaliondoa."

"Ndiyo."

Moto ulipasua kuni. Bibi Tadea alimtazama mwanamke huyo kwa muda mrefu, na Bonifasia akaona jinsi uelewa ulivyopanda kwenye uso wa bibi hatua kwa hatua. Mtu haachi tawi la pili na kuondoa la tatu akidhani hakuna mtu nyuma. Bibi alichukua panga lake akampa. Akamimina chai kwenye chupa, akaifunga kwa kitenge, akampa na hiyo.

"Nenda wewe," alisema. "Restituta atakusindikiza mpaka njia panda, abaki hapo akupigie kelele ili usipotee na wewe. Sisi tutakoleza moto."

Walishuka wakikimbia, wakateleza, wakainuka. Restituta alikuwa anaongea bila kupumua: tutampata tu dada, huenda amekaa mahali anatusubiri, huenda amerudi. Bonifasia alitamani binti huyo anyamaze na aliogopa akinyamaza. Kwenye njia panda ya tatu Restituta alisimama juu ya ule mti ulioanguka na Bonifasia akaingia njia pana peke yake.

Mara moja akaona alama: raba zimekanyaga matope, zinashuka. Zilikuwa hatua za mtu asiye na wasiwasi. Njia ilikuwa nzuri, kwa nini awe na wasiwasi? Kila baada ya muda kidogo Restituta aliita "Huuu!" na kila mara sauti ilikuwa ndogo zaidi. Njia ilizidi kuinama. Upande wa kulia ardhi ilikuwa imekatika, panaonekana mizizi inaning'inia hewani na chini yake ukungu mtupu. Huko ndiko liliko ziwa, chini sana, na kati ya hapa na ziwa ni genge. Bonifasia aliegemea upande wa kushoto akashika miti.

Alama za raba ziligawanyika. Nyingine zilikwenda, nyingine zikarudi, nyingine zikazunguka. Mtu alikuwa ameanza kujua amepotea.

"We!" Bonifasia aliita. "We, uko wapi?"

Msitu ulidondosha maji.

"Nani! Mama Jastin!"

Kimya. Alisogea mbele, akaita tena "we," akaita tena "Mama Jastin," kwa jina la mtoto wa kwanza wa Scholastica. Kila kukicha alikuwa amemwita wifi yake "yule mtu" mpaka ulimi ukazoea, na sasa ulimi ulikuwa unakataa kugeuka. Hebu ona mambo ya binadamu. Anamtafuta mtu ambaye huenda anakufa, na bado anaona aibu kumwita jina lake, kana kwamba ukungu utakwenda kumsimulia mtu. Alikasirika, akajikasirikia, akasimama katikati ya njia akafumba macho.

"Scholastica!" alipiga ukelele mpaka koo likachanika. "Wifi! Wifi yangu, niitikie!"

"Niko hapa," sauti ilisema, karibu sana, chini ya miguu yake. "Usisogee. Utaanguka na wewe."

Alikuwa kwenye shimo la kupasulia mbao. Wapasuaji huchimba shimo refu kama kaburi, wakalaza gogo juu yake, mmoja anavuta msumeno akiwa juu na mwingine akiwa chini. Hawa walikuwa wamehama, wakafunika shimo lao kwa mabanzi yaliyokwisha kuoza. Scholastica alikuwa ameyakanyaga akashuka nayo. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mgongo ukutani, maji ya mvua yamemfika kiunoni. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu na meno yanagongana.

"Muda wote huo umenisikia naita?" Bonifasia alilala kifudifudi ukingoni.

"Nimesikia."

"Mbona hukuitika?"

"Ulikuwa unaita we, unaita nani, unaita Mama Jastin. Mimi nina jina langu."

Bonifasia hakujua acheke au amtukane. Alikata mti mchanga mnene, akauteremsha shimoni, akafungua kitenge chake, akakifunga kwenye mti ulio ukingoni na ncha nyingine akaitupa chini. Jaribio la kwanza mikono ya Scholastica iliteleza. Vidole vyake havikuwa na nguvu ya kushika. Jaribio la pili alifika nusu, mguu mbovu ukagusa ukuta, akapiga yowe na kurudi majini. Alikaa huko chini ameinamisha kichwa.

"Niache nipumzike kidogo," alisema. Sauti yake ilikuwa ya usingizi.

Hapo ndipo Bonifasia alipoogopa kweli. Hofu ya kule kibandani ilikuwa ya kuaibika. Hii ilikuwa nyingine. "Hapana! Usilale! Zungushia kitenge kwapani. Zungusha, nakwambia! Funga. Funga kama unamfunga Jastin mgongoni. Sasa panda."

Alichimbia visigino kwenye mzizi, akavuta. Alivuta akimwita Mama Maria, akavuta akiwalaani wapasua mbao na misumeno yao na vizazi vyao, kitu ambacho hakikufaa siku ya hija, lakini kilimwongezea nguvu. Kichwa kikatokea ukingoni, kisha mabega. Alimkamata kwenye nguo akamburuta mpaka wote wawili wakalala kwenye matope wakihema.

Alimvua sweta lililolowa, akamvisha lake. Akamfungulia chai, akamshikia kifuniko cha chupa kama kikombe kwa kuwa mikono yake ilikuwa inamwaga. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba kama boga dogo na kimepinda vibaya. Kwa mbali, mbali sana, Restituta aliita, na Bonifasia akaitika, akasikia kwamba amesikika. Labda ilikuwa saa tisa na nusu. Muda ulikuwepo, ila kwa shida.

Scholastica alikunywa vifuniko viwili vya chai. Midomo ilianza kurudi rangi. Alimtazama wifi yake usoni, mara ya kwanza tangu tuta lile la udongo kule chini.

"Ulijua niko nyuma yako?"

Jibu lilikuwa tayari. Lilikuwa limekwisha jaribiwa mbele ya watu tisa na likafaa. *Nilidhani umerudi na akina Luisa.* Hakukuwa na shahidi msituni. Scholastica asingeweza kubisha, na wangerudi kibandani wakiwa mtu aliyepotea na mtu aliyemwokoa. Watu wangemsifu. Bonifasia alifungua mdomo ili aliseme.

"Nilijua," alisema. "Nilikusikia ukikohoa. Nililiondoa tawi nikijua unakuja."

Scholastica hakushtuka. Alizungusha kifuniko mikononi, akatazama masalia ya chai.

"Nilikuona," alisema. "Ukungu ulifunguka kidogo nikakuona unalinyanyua. Nilitaka kukuita. Halafu nikasema, aa, sitaanza mimi. Nimeshakwenda mlangoni kwake mara moja, sitakwenda tena. Nilipofika pale ukungu umefunga, sikujua ulilinyanyua upande gani."

Maji yalidondoka. Bonifasia alisubiri atukanwe, alitaka kutukanwa. Scholastica alifunga kifuniko cha chupa, akakaza vizuri ili kisivuje.

"Haya," alisema. "Mguu haukanyagi. Inama unibebe."

Bonifasia aliinama. Akambeba mgongoni, akamfunga kwa kile kitenge kilicholowa, mikono ya wifi yake ikamzunguka shingoni, ya baridi kama samaki. Alikuwa mzito. Kila hatua ishirini alisimama akashika mti, akahema, akaendelea. Upande wa genge Scholastica alimwambia, "Njoo huku, njoo huku," na yeye akaja huku. Sauti ya Restituta ilikuwa inakua.

Walipumzika mara ya nne, Bonifasia amesimama ameegemea shina, maana akikaa chini asingeinuka. Palepale, akitazama matope, Bonifasia aliuliza swali ambalo alikuwa amelifungia mlango miaka miwili na miezi miwili. Kwa kununa kwake hakuwa na mtu wa kumuuliza, maana aliyejua alikuwa mmoja tu.

"Mama alisema nini?"

"Alikuwa anakuulizia," Scholastica alisema sikioni mwake. "Njiani kwenye lori aliuliza, Boni yuko wapi. Hospitali akauliza tena. Na usiku ule wa mwisho. Mimi nilikuwa sijakutumia mtu, kosa hilo ni langu, niliogopa, nilikuwa peke yangu na akili imepotea. Nisingeweza kumwambia hivyo. Mara zote tatu nilimwambia uko nyuma yetu, unakuja."

"Naye?"

"Alisema basi tumsubiri. Akashika mkono wangu akalala."

Bonifasia alilia. Hakulia kwa adabu. Alilia kwa sauti, kamasi zinamtoka, na hakuwa na mkono wa kujifuta kwa sababu yote miwili ilikuwa imeshika miguu ya wifi yake. Scholastica alivuta ncha ya kitenge akamfuta uso kutoka nyuma, bila kuona vizuri, akimpapasa macho na pua kama anavyofutwa mtoto.

"Twende," alisema. "Giza litatukuta."

Bonifasia alimpandisha vizuri mgongoni, akaanza tena kupanda.